Mashine ya Uongo na Mwenzangu wa Kitanda cha Juu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu husema nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la pembeni, na sidhani kama anatania. Ukinisalimu kwa furaha nyingi najiuliza unataka nini. Ukinisifia nguo naangalia kama imechanika mahali. Nyumbani Kenya tabia hii ilinikosesha marafiki, na mchumba mmoja pia, lakini Doha ilinipa ajira. Nilikuwa mlinzi, mkaguzi wa mikoba kwenye mlango wa jengo la maduka, na kila siku ya zamu nilivaa sare nikaenda kulipwa kwa kutoamini watu.

Tulikaa Muaither, kwenye nyumba kubwa ambayo kampuni iliikodi ikaigawa vyumba kwa mbao nyembamba, hata ukikohoa, chumba cha tatu wanakupa pole. Chumbani mwetu mlikuwa na vitanda viwili vya ghorofa. Mimi nililala chini, na juu yangu alilala Mkenya mwenzangu ambaye habari hii inamhusu. Ng'ambo yetu alilala Mganda mmoja, mama aliyetuzidi umri, ambaye kabla ya Doha alikuwa amelinda geti huko Iraq. Kitanda cha juu yake kilikaliwa na masanduku yetu, kila sanduku na kufuli lake.

Huyu mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa mwembamba, mtaratibu, mtu wa kuomba ruhusa. Aliomba ruhusa kuzima taa. Aliomba ruhusa kufungua dirisha. Aliomba ruhusa kutumia chumvi. Nilimwambia mara nyingi chukua tu, chumvi si dhahabu, lakini kila jioni alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi: "Dada, naeza tumia chumvi yako kidogo?" Kwao alikuwa amemwacha binti yake mdogo kwa bibi. Mtoto akazoea kumwita bibi "mama", na huyu aliyemzaa akawa "anti wa Qatar". Kila walipomaliza kuongea kwa simu, mwenzangu alikaa kule juu miguu ikining'inia mbele ya uso wangu. Nilijua huo si wakati wa kumsemesha.

Huyo ndiye aliyekuwa siku za wiki. Ijumaa alikuwa mwizi.

Ijumaa, yeyote asiyekuwa zamu alikwenda Mesaimeer, kwenye makanisa. Yako pamoja ndani ya ukuta mmoja, na kuingia ni lazima ukaguliwe. Mimi niliwakagua walionikagua, nikawaona wazembe. Sisi wa Kiswahili tulikuwa na chumba chetu cha ushirika wa wanawake, na kiongozi wetu, tuliyemwita Mama Ushirika, alikuwa nesi Mkenya, mkongwe wa Doha, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Desturi ilikuwa ile ile ya nyumbani. Kabla ya neno kuhubiriwa, watu wanatoa ushuhuda: unasimama, unamsifu Bwana, unaeleza alikutoa wapi. Mmoja alitolewa kwenye pombe ya chang'aa. Mwingine alitolewa kwa mganga, ambako alikuwa amezika kuku mzima ili mke mwenzake apate upele. Hakuna aliyeyaita mashindano, lakini kadiri shimo lilivyokuwa refu ndivyo amina ilivyokuwa kubwa, na sote tulikuwa na masikio.

Mwenzangu ndiye aliyekuwa na shimo refu kuliko wote. Yule mtu wa kuomba chumvi alisimama mbele, akafunga macho, akasema, "Mimi mnayeniona hapa, mkono wangu ulikuwa mrefu." Alikuwa akiiba River Road, Nairobi. Mkono mmoja unakushika bega kama rafiki, mwingine unatoa simu mfukoni. Alieleza jinsi simu inavyokuwa na joto la mwili wa mwenyewe inapotoka. Alieleza jinsi alivyomwibia mama mmoja mjamzito mkoba, na alipoufungua akakuta kadi ya kliniki, na hapo ndipo Bwana alipomkamata. Akifika kwenye kadi ya kliniki, chumba kizima kilikuwa kinalia. Mama Ushirika alimkumbatia, na wageni walioletwa mara ya kwanza walimtafuta baadaye wamshike mkono.

Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu makosa. Ijumaa moja alikamatwa na polisi, Ijumaa nyingine ni wananchi wenye tairi na petroli, na Bwana akamponya. Mkoba wa yule mama ulikuwa mwekundu, kisha ukawa wa kahawia. Nikajiambia, mwizi akibadilisha maelezo ana kubwa zaidi analoficha. Usiku sikuwaza mabaya juu yake, tulikuwa tumeelewana, lakini ufunguo wa sanduku langu niliuvaa shingoni.

Sasa ilitokea kwamba kikosi kimoja chini ya polisi kilikuwa kinataka wanawake wa kukagua wanawake wenzao kwenye viwanja na vituo vya treni vilivyokuwa vinajengwa. Lusail, mji mpya wa kiwanja kikubwa, wakati huo ilikuwa kreni na vumbi, lakini kila mtu alijua watu wengi watakuja siku moja. Kampuni za ulinzi ziliambiwa zipeleke majina. Kazi yenyewe ilikuwa ile ile ya kufungua mikoba, ila ukiipata unahama kempu ya kampuni, unapewa makazi, na unaruhusiwa kuleta mtoto. Mwenzangu aliposikia hilo la mtoto alishuka kitandani kwa kuruka, yeye ambaye hushuka ngazi kwa ngazi asikuamshe. Siku hiyo hiyo alimpigia mama yake aulizie cheti cha kuzaliwa cha binti. Tulijiandikisha sote watatu, na katika ule ushirika wetu wakajiandikisha wengine watatu niliowajua, pengine na ambao sikuwajua, maana hakuna aliyesema. Watu walisimama Ijumaa wakaomba, "Mnikumbuke kwa jambo fulani." Fulani hilo lilikuwa moja kwa wote.

Kisha supavaiza wetu akatuita uani. Alikuwa Mkenya, mtu wa kuongea kama anatangaza mpira.

"Wasichana, mjue kuna urefu, kuna macho, kuna Kiingereza, na mwisho kuna mashine. Mashine ya kupima uongo. Unafungwa waya, unaulizwa maisha yako. Ukidanganya inaruka. Sasa kila mtu ajichunguze."

Nyumba ilibadilika jioni hiyo hiyo. Waliozoea kuimba bafuni waliacha. Kila mtu alikuwa na kitu. Kuna aliyepunguza umri kwenye pasipoti. Kuna aliyeandikwa na ajenti wa Nairobi kwamba hajaolewa wakati mume yuko na anatuma picha. Kuna mwenye cheti cha kidato cha nne ambacho mwenyewe hakukifanyia mtihani. Hakuna aliyeniambia, lakini mwenye macho haambiwi tazama. Niliona nani ameanza kuuliza adhabu ya kudanganya, akisingizia ni rafiki yake. Walikuja wataalamu pia. Mmoja alisema weka kokoto kwenye kiatu uikanyage kila swali. Mwingine alisema meza dawa ya presha, mapigo yanatulia. Mwingine alishikilia kwamba mashine ilitengenezewa ngozi ya mzungu, jasho letu haitalielewa. Tulicheka, lakini kesho yake nilimwona mtu akiokota kokoto kando ya geti, akizipima kwa kidole.

Yule Mganda alikuwa amelala chali, simu kifuani, akitusikiliza. Nilimgeukia.

"Mama, wewe ulikuwa Iraq. Hamkupimwa huko?"

"Nilipimwa. Mara mbili."

"Na hukusema?"

"Hamukuniuliza." Alikaa, akajipapasa kifua kutuonyesha. "Inakufunga mikanda hapa na hapa. Hapa mkono kama ya presha. Vidole, ka-kitu kadogo. Unakaa kama picha. Yeye wa mashine anauliza kidogo tu. Wewe ndiyo unajijibu mingi."

Akalala tena. Nilimshuku papo hapo. Mtu anajua mtihani na anauficha chini ya mto, kwa nini? Nilimtazama usiku ule akipumua taratibu kama mtoto, na hilo pia sikulipenda.

Yangu yaliisha mapema. Kwenye kipimo cha macho walinipa ukurasa wenye vitone vya rangi, nisome namba iliyo katikati, nami sikuona namba wala kivuli cha namba. Macho haya ninayojivunia kuona hila za watu yalikataliwa mchana kweupe. Niliumia, lakini si sana. Nilikuwa sina mtoto wa kumleta. Wenzangu wawili walipita, wakapita Kiingereza pia, wakabaki kusubiri mashine.

Hapo ndipo mwenzangu alipoanza kunyamaza. Ijumaa hakukaa tena mbele. Alikaa nyuma karibu na viatu, na wimbo wa kuwaita wenye ushuhuda ulipoanza, aliinama kama anayetafuta kitu kwenye mkoba. Mama Ushirika alimwona.

"Na wewe binti yangu, mbona siku hizi kimya? Bwana amekunyamazia?"

"Koo, mama. Hewa ya AC."

Mbele yetu alikaa dada mmoja mnene, mlinzi wa mapokezi ya kliniki, naye akiwa miongoni mwa waliojiandikisha. Aligeuka akamtazama mwenzangu kwa huruma. Huruma ile ilikuwa ndefu mno. Nikajua yule amekumbuka River Road, na nikajua mwenzangu ameona kwamba amekumbuka.

Ijumaa ile tuliporudi aliniomba twende juu ya paa, tunakoanika nguo. Kulikuwa na jua la kuchoma soli. Alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili.

"Dada, nikuulize kitu. Huyo dada wa kliniki anaweza kunisema kwa wale watu?"

"Akuseme nini? Ulishaokoka. Waambie uliiba zamani, ukaacha."

"Polisi wataajiri mwizi aliyeacha?"

Akaangalia mlango wa ngazi, akashusha sauti.

"Mimi sijawahi iba."

"Sema tena?"

"Sijawahi iba kitu ya mtu. Hata sukari ya mama yangu. River Road nimepita tu nikienda kupanda basi ya kwenda nyumbani, tena nikikimbia juu ya kuogopa wezi."

Akanieleza. Alipofika Doha, kabla mimi sijaja, alisimama kwenye ushirika akatoa ushuhuda wake wa kweli: aliokoka akiwa mtoto, kwenye shule ya Jumapili, na tangu hapo ameishi vizuri. Watu wakamwitikia amina ile ya kumwambia mtu akae. Mama Ushirika akamwuliza kwa upole, "Lakini binti yangu, Bwana alikutoa wapi hasa?" Akarudi kitandani na swali hilo. Alikuwa mgeni, hakuna aliyemjua jina, na Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo mtu alimwuliza hali. Ijumaa iliyofuata akasema aliwahi kuchukua simu ya mtu. Watu wakakaa wima. Ijumaa nyingine simu zikawa mbili. Ile ya mama mjamzito ilimjia akiwa zamuni, alipomwona mteja na tumbo lake, na hakuweza kuiacha.

"Nilikuwa nataka waniite dada," akasema. "Walianza kuniita dada siku niliyokuwa mwizi."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nitasema nilichofikiri, maana bila hicho hadithi haina maana. Nilifikiri: huyu ni stadi. Aliiba kweli, akatubu kweli, na sasa kazi ya polisi imekuja anaifuta River Road kama chaki. Ameanza kufanyia mazoezi kwangu. Mtu asiyewahi kuiba angejuaje kwamba simu hutoka na joto la mwenyewe?

"Wewe unaniamini?" akaniuliza.

"Nakuamini," nikasema, na moyo wangu haukushtuka hata kidogo. Ulidunda polepole kama wa mtu aliyekula akashiba.

Alifurahi, akanishika mkono. Akataka kujua kama awaambie ukweli kanisani kabla ya mashine. Nikamwambia anyamaze. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukienda kulikana leo mbele ya watu wanaoiwania kazi hiyo hiyo, kesho litakuwa limefika Lusail kabla yako. Ushauri ule ulikuwa mzuri, hata leo sijaliona kosa lake. Lakini nilimpa nikiwa namlinda mwizi.

Siku ya mashine aliondoka asubuhi na Mganda, kwa gari la kampuni. Alikuwa ameinyoosha sare mpaka mikunjo ikasimama. Hakuweka kokoto wala hakumeza kitu. "Sina cha kuficha," aliniambia mlangoni, na mimi nikajibu, "Basi usitetemeke."

Walirudi mchana. Mganda alivua viatu akaenda kupika. Mwenzangu alipanda kitandani na sare yake hivyo hivyo. Nilisubiri miguu ining'inie. Haikuning'inia, kwa hiyo nikapanda ngazi nikasimama na kichwa changu usawa wa mto wake.

Alisema walimweka kwenye chumba kidogo, ofisi ya ghorofani, kina zulia na hakina picha. Mpimaji alikuwa mzungu mzee, mpole, akampa maji. Hakumfunga waya kwanza. Alimsomea maswali yote kabla, pole pole, akamwambia hakuna la kushtukiza, kama kuna swali lina maelezo ayatoe sasa. Jina lako ni hili? Uko Doha? Umewahi kutumia dawa za kulevya? Umewahi kuiba? Hapo alijibu hapana, akaona amevuka. Kisha yule mzee akasoma swali lililofuata: kuna mtu yeyote anayeweza kutuambia kwamba uliwahi kuiba?

"Ukasemaje?" nikauliza.

"Ningesemaje? Nikamwambia ndiyo. Kanisa nzima."

Akamweleza yote. Shule ya Jumapili, amina ya kumkalisha, simu, mkoba, mama mjamzito. Mzee aliweka kalamu chini. Akamwuliza, kwa hiyo umekuwa ukiwadanganya watu kwamba wewe ni mwizi? Akasema ndiyo. Kwa nini? Akasema, nipate kitu cha kusimama nacho. Mzee aliandika muda mrefu. Halafu ndipo alipomfunga mikanda, akamwambia akae kimya, ajibu ndiyo au hapana tu.

"Na alipouliza kama umewahi kuiba?"

"Nilisema hapana. Na dada, niliiona." Aligeuka ukutani. "Niliiona ile simu. Ni ya rangi ya fedha. Nilimwona yule mama na kadi yake ya kliniki. Nimewalilia sana hao watu. Moyo ulienda mbio mpaka ule mkanda wa mkono ukawa unaruka. Aliniuliza tena na tena. Kila akiuliza naiona."

Nilishuka ngazi nikaenda moja kwa moja jikoni. Mganda alikuwa anasonga posho, ugali wa kwao.

"Ni wewe uliyewaambia," nikasema.

"Kuambia nani? Nini?"

"Swali lile. Kuna mtu anaweza kusema uliiba. Walijuaje kuuliza?"

Hakuacha kusonga. "Hiyo swali wanauliza kila mtu. Iraq waliniuliza. Leo wameniuliza. Wewe wangekuuliza." Akaonja, akaongeza moto. "Mimi nilisema hakuna mtu, na ni kweli hakuna mtu, juu mimi huko Mesaimeer nakaaga kimya."

Nilisimama pale nikitafuta shimo kwenye maneno yake. Halikuwepo. Alikuwa mwanamke aliyependa kulala mapema, basi, na mimi nilikuwa nimemlinda kwa macho majuma mazima kama mkoba uliosahaulika.

Majina yalipotoka, la Mganda lilikuwemo. La yule dada wa kliniki halikuwemo, na la mwenzangu halikuwemo. Supavaiza alitangaza uani bila kupunguza sauti. Mwenzangu alikwenda kupiga simu nyumbani, akasimama kando ya tangi la maji. Nilikuwa karibu, nikasikia akimwambia mama yake arudishe kile cheti cha kuzaliwa mahali pake, kisipotee. Kisha akapewa mtoto aongee naye. "Si sasa hivi," alisema. "Si sasa hivi, mama. Ndiyo. Ni anti." Alipokata alifua sare yake ilhali ilikuwa safi, na mimi nilifunga mlango wa chumba nikalia, kwa hasira ya kutojua nimkasirikie nani.

Ijumaa iliyofuata alikuwa zamu, akabadilishana na mtu ili aende Mesaimeer. Alikaa mbele. Wimbo wa ushuhuda haukuwa umeisha alipokuwa tayari amesimama. Mama Ushirika akang'aa uso.

"Bwana asifiwe," mwenzangu akasema.

"Amina!"

"Mimi nimekuja kusema ukweli. Ule ushuhuda wangu wa River Road si wa kweli. Sikuwahi kuiba. Niliokoka nikiwa mtoto, nikawa mtoto mzuri, nikawa mtu mzima mzuri. Nilidanganya ili mnipende. Naomba mnisamehe."

Nimekaa kwenye ushirika ule miaka, na sijawahi kusikia AC ya chumba kile kabla ya siku hiyo. Hakuna aliyesema amina. Mgeni mmoja aliyekuwa ameanza kutoa leso aliirudisha. Nyuma yangu yule dada wa kliniki alimnong'oneza jirani yake, "Si nilikuambia? Mashine ilimshika." Na mnong'ono ukaenda kiti kwa kiti, nikiuona unavyowainamisha vichwa, na kila aliyeupokea alivuta mkoba wake karibu na mguu.

Mama Ushirika alikwenda mbele akamshika mabega. Alifanya kwa upendo, hilo nitamshuhudia.

"Binti yangu, usikubali. Shetani anataka kukunyang'anya ushuhuda wako. Ulikosa kazi, ni sawa, lakini usikane alikokutoa Bwana. Sisi tunakujua."

"Hapana, mama. Hamnijui."

"Tunakujua. Akina dada, tumwombee."

Wakamzunguka wakaanza kumwombea apate nguvu ya kukiri. Yeye alisimama katikati, mikono ikining'inia, mdogo kuliko alivyokuwa. Na mimi, pale kwenye kiti changu, nikaiona chumvi. Nilimwona amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko, jioni baada ya jioni, akiniomba ruhusa ya chumvi ambayo hakuna mtu angejua imepungua. Mwizi gani huyo? Kazi yangu yote ni kutazama watu, na nilikuwa nimeishi chini ya kitanda chake nikiulinda ufunguo. Nilisema "Amina." Ilitoka peke yake, tena katikati ya maombi ya wengine, na hakuna aliyejua naitikia nini.

Kurudi Ijumaa hiyo tulipanda gari la Mkenya mmoja, sisi wawili nyuma. Mchana ulikuwa mweupe, barabara tupu, dereva kaweka nyimbo zake za dini. Mwenzangu alikuwa anatazama nje. Wanawake walipokuwa wanaagana pale getini hakuna aliyemwita dada.

"Wewe unaniamini?" akaniuliza, bila kugeuka.

"Nakuamini."

Ndipo akageuka. Akauchukua mkono wangu, akaupindua, akaweka vidole viwili pale mshipa unapopiga, kama alivyofanyiwa nafikiri, au kama alivyoona manesi wakifanya. Akakaza.

"Sema tena."

Nilimtazama usoni. Sijawahi kuamini kitu katika maisha yangu kama nilivyomwamini mwanamke yule saa ile, ndani ya gari lile. Nikafungua mdomo kusema, na moyo ukaanza kwenda mbio, ukagonga, ukagonga, mpaka niliuona mshipa ukiruka chini ya vidole vyake, na kadiri nilivyotaka utulie ndivyo ulivyozidi.

"Nakuamini," nikasema. "Haki ya Mungu, nakuamini."

Alihesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Kisha akaniachia mkono, akauweka mapajani mwangu taratibu kama kitu cha watu alichoazima.

"Umeona sasa," akasema.